Diski Mbili Si Nakala Mbili



Safu yetu wiki hii inaelekea bara, katika eneo la Ziwa Victoria. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa Ahero, ametuandikia kutaka shauri. Nyumbani mwake mna seva ndogo, kisanduku kinachoenea juu ya meza ya pembeni, na humo aila nzima huhifadhi mambo yake: hati za shamba la mpunga, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, daftari la madeni ya duka, picha za harusi, na sauti ya marehemu mama mkwe wake akiwasimulia wajukuu asili ya ukoo wao. Ndani ya kisanduku hicho mna diski mbili za kashe zilizofungwa pamoja kama pacha, na sasa mojawapo imeanza kutoa onyo. Fundi aliyeitwa kuitazama ametoa kauli mbili. Ya kwanza, diski zote mbili zichomolewe kwa mara moja na kubwa zaidi zitiwe mahali pake. Ya pili, madhali diski ni mbili, hapana haja ya kuweka nakala nyingine popote. Dada yetu anauliza: je, aafiki?

Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba asiafiki kauli hata moja. Jawabu refu ndilo tunaloliandika hapa, kwa kuwa tunajua nyumba nyingi za wasomaji wetu, kuanzia Lamu hadi Kisumu, sasa zina visanduku vya namna hii, na aghalabu aliyekabidhiwa kukitunza ni mama wa nyumba au binti yake.

Kashe ni kitu gani?

Tuanze na neno lenyewe. Mama anaporudi sokoni na vikapu vizito, hakimbilii kupanga mchele, unga na mafuta stoo papo hapo. Huviweka kwanza juu ya meza ya jikoni, kwa kuwa meza ipo karibu na kazi huenda haraka. Baadaye, nyumba ikitulia, huvipeleka stoo kimoja kimoja. Meza hiyo ndiyo kashe. Stoo ni zile diski kubwa zinazozunguka, zenye nafasi tele lakini zenye mwendo wa polepole. Diski za kashe aghalabu huwa za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka ndani yake. Huhifadhi data katika chipu, na kwa hiyo ni nyepesi na za kasi.

Katika mashine zinazotumia mfumo kama Unraid, picha iliyotumwa kutoka kwenye simu hutua kwanza katika kashe, kisha usiku programu huihamishia kwenye diski kubwa. Baina ya kutua na kuhamishwa, picha hiyo ipo juu ya meza tu. Meza ikivunjika kabla ya usiku, kilichokuwa juu yake kimekwenda. Ndiyo maana watu hufunga diski mbili za kashe badala ya moja, na kila kinachoandikwa katika ya kwanza huandikwa katika ya pili wakati huohuo. Moja ikifa, mwenziwe huendelea na kazi pasi na nyumba kuhisi tofauti.

Wazo la kuunganisha diski za bei nafuu ili moja ikifa data isipotee lina umri wa kutosha. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliliandikia makala mashuhuri, na jina walilolipa, RAID, linatumika hadi leo. Ni wazo zuri. Lakini liliwekwa kuzuia balaa moja tu, nayo ni kufa kwa diski. Halikuwekwa kuzuia maji, moto, wizi, radi wala kidole kilichobonyeza mahali pasipofaa.

Pacha huzeeka pamoja

Kabla ya kueleza namna ya kubadilisha, yafaa tufahamu kwa nini diski hizi huchoka. Chipu za SSD zina vijumba vidogo mno vya kuwekea data, na kila kijumba huvumilia kuandikwa na kufutwa kwa idadi maalumu ya mara. Kusoma hakuzichoshi sana, kinachochosha ni kuandika. Kwa sababu hiyo watengenezaji hutaja kiasi cha data ambacho diski imedhaminiwa kuandikiwa. Kwa mfano, diski ya Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250 imedhaminiwa kwa miaka 5 au terabaiti 150 za kuandikwa, lolote litakalotangulia. Ile ya terabaiti 1 imedhaminiwa kwa terabaiti 600. Diski haifi siku ile ile inapofika kiasi hicho, ila kutoka hapo dhamana haipo tena, na mwenye nyumba asiitegemee.

Tupige hesabu ya nyumba mbili. Ya kwanza huhifadhi picha na hati tu, tuseme gigabaiti 5 kwa siku. Kwa mwaka hazitimii hata terabaiti 2, na diski hiyo ndogo itadumu miaka mingi. Ya pili ina kamera 4 za ulinzi zinazorekodi mchana na usiku, kila moja ikituma megabiti 2 kwa sekunde. Kamera moja huandika gigabaiti 21.6 kwa siku, na zote nne gigabaiti 86.4. Kwa mwaka ni kiasi cha terabaiti 31.5. Diski ya terabaiti 150 itafika kikomo cha dhamana kabla ya miaka 5 kutimia.

Na hapa pana jambo ambalo fundi wa dada yetu hakulitaja. Kwa kuwa diski pacha huandikiwa kitu kile kile kwa wakati ule ule, zote mbili huchoka kwa kiwango kimoja. Ukizinunua pamoja, za aina moja, kutoka katika boksi moja, umejipatia watu wawili waliozaliwa siku moja, wenye afya moja na maradhi yale yale. Mmoja akianza kuyumba, wa pili hayuko mbali.

Hili si jambo la kuwaziwa tu. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba aina kadhaa za diski zake za SSD zilikuwa na kosa katika programu yake ya ndani. Diski hizo zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data iliyomo isingeweza kurudishwa. Kampuni ilitoa programu mpya ya kuondoa kosa hilo na kuwahimiza watu waharakishe kuitia. Sasa fikiri: aliyewasha diski mbili za aina hiyo kwa siku moja, moja ikiwa kinga ya nyingine, angezipoteza zote karibu katika saa moja. Upacha wake ungekuwa haukumfaa kitu.

Kutokana na hayo tunashauri mambo matatu. Kwanza, rekodi za kamera zisipitishwe katika kashe. Ziandikwe moja kwa moja kwenye diski kubwa, ambazo hazichoki kwa njia hiyo. Pili, diski mbili mpya zisiwe za boksi moja. Bora ziwe za watengenezaji wawili tofauti, au angalau zinunuliwe kwa kupishana miezi kadhaa. Tatu, kabla ya kuzitegemea, zitiwe programu mpya kabisa iliyotolewa na mtengenezaji.

Namna ya kubadilisha bila kupoteza

Hatua ya kwanza haigusi diski yoyote. Ni kunakili kila kitu kilichomo sevani kwenye diski ya nje, kisha kuichomeka katika kompyuta nyingine na kufungua baadhi ya mafaili: picha moja ya zamani, hati moja ya shamba, dakika moja ya ile sauti ya marehemu. Nakala isiyopata kufunguliwa ni dhana tu. Watu wengi hugundua kuwa nakala yao ni tupu siku ile wanapoihitaji.

Pili, simamisha kazi. Waambie watu wa nyumbani kwamba kwa siku hiyo simu zisitume picha. Kisha iamuru programu ya usiku ihamishe mchana huo kila kilichomo katika kashe na kukipeleka kwenye diski kubwa, ili meza ibaki tupu kadiri iwezekanavyo.

Tatu, tambua mgonjwa ni nani. Kila seva ina ukurasa unaoonyesha afya ya kila diski: kiasi ilichoandikiwa, makosa iliyoyapata, asilimia ya uhai iliyobaki. Andika katika karatasi nambari ya utambulisho ya diski inayolalamika, kisha ukazime mashine na kuitafuta nambari hiyo kwenye lebo ya diski yenyewe. Usitegemee kwamba ya juu ndiyo ya kwanza na ya chini ndiyo ya pili. Msiba wa kawaida katika kazi hii ni kuchomoa diski nzima na kuiacha mbovu ndani.

Nne, badilisha moja tu. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ile iliyotoka, hata kwa kiasi kidogo, kwani mashine nyingi zitaikataa. Ukishaitia, iagize seva ijenge upya pacha wake. Itasoma kila kitu kutoka katika diski iliyobaki na kukiandika katika hii mpya. Muda huo wote nyumba inasimama kwa mguu mmoja, na ile diski kongwe inafanyishwa kazi kubwa kuliko desturi yake. Ndiyo maana tunasema kazi hii isianzwe jioni yenye mawingu mazito, na seva iwe imeungwa na betri ya UPS. Kama kisanduku kina tundu la ziada, afadhali zaidi: tia mpya huku mbili za zamani zikiwa bado mahali pake, uiagize mashine ihamie, kisha ndipo uchomoe mgonjwa.

Tano, ngoja. Kazi ikimalizika, agiza ukaguzi kamili, ambapo mashine husoma kila kipande na kuhakikisha hakuna kilichoharibika. Ukaguzi ukitoka safi, acha seva ifanye kazi zake za kawaida siku mbili tatu. Baada ya hapo ndipo urudie hatua zile zile kwa diski ya pili. Wala usishangae ukiona nafasi haijaongezeka baada ya diski ya kwanza: ukitia ya terabaiti 1 kando ya ile ya gigabaiti 500, pacha hao watahesabiwa kwa kipimo cha mdogo wao. Nafasi huongezeka wote wawili wakiwa wakubwa.

Tahadhari moja kwa wenye mashine za Synology. Humo kashe ya kusoma na kuandika ni sehemu ya uhai wa ghala zima. Usiichomoe kamwe kabla ya kuiondoa kwanza kupitia menyu ya mashine, ili iteremshe yote iliyoyabeba. Ukishaiondoa kwa menyu, badilisha diski, kisha uiunde kashe upya. Kila mashine ina kanuni zake. Aya mbili za kitabu chake cha maelezo zina thamani kuliko kauli ya fundi mwenye haraka.

Kwa hiyo tazameni kauli ya kwanza ya fundi ilikuwa inaelekea wapi. Kuchomoa diski zote mbili pamoja ni kuondoa meza na kila kilicho juu yake. Kama programu ya usiku ilikuwa haijahamisha, au kama kuna mambo yaliyopangwa yakae katika kashe daima, yote yangeondoka na diski hizo, na huenda yangeishia kwenye droo ya kibanda cha fundi.

Maji ya Nyando hayachagui

Sasa tuifikie kauli ya pili, ambayo kwetu ndiyo nzito zaidi. Yule anayesema kuwa diski mbili zinatosha hajaitazama Ahero.

Ahero ni mji wa mchele. Umekaa katika Tambarare ya Kano, mashariki mwa Kisumu, pale ambapo barabara ya Kericho na ile ya Kisii hugawana, na mashamba yake ya umwagiliaji hunyweshwa na mto Nyando. Mto huo unaolisha ndio unaofurika. Chanzo chake kiko juu katika milima ya Nandi na Kericho, na kwa hiyo maji huweza kuwafikia watu wa tambarare usiku ambao kwao haikunyesha hata tone. Mnamo Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kile kimo kilichowekwa mwaka 1964. Katika masika ya 2024 mafuriko yaliikumba Kenya karibu yote, na familia za Kano zikawa miongoni mwa zilizohama majumba yao. Anayekimbia maji usiku hubeba watoto kwanza. Hana mikono ya kubebea seva.

Maji yakiingia, hayatachagua diski ya kwanza na kuiacha ya pili. Zimo katika kisanduku kimoja, chini ya paa moja, juu ya sakafu moja. Radi nayo ni vivyo hivyo, na bonde la ziwa hili ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi mno. Mshtuko mmoja ukipita katika waya wa umeme, au hata katika waya wa intaneti unaotoka nje, huunguza vyote vilivyoungwa pamoja. Na kukatika kwa umeme si mambo ya Ahero peke yake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka huohuo giza likarudi. Ndugu zetu wa Unguja hawajasahau miezi ya kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme wa gridi. SSD nyingi za majumbani hazina akiba ya umeme ndani yake ya kumalizia kilichokuwa kinaandikwa umeme unapokatika ghafla. Betri ndogo ya UPS, inayoiwezesha mashine kujizima yenyewe kwa taratibu, ni sehemu ya diski hizo kana kwamba ni diski ya tatu.

Kisha kuna hatari isiyotoka mbinguni wala mtoni. Mtoto akifuta folda ya picha, inafutika katika diski zote mbili kwa nukta ile ile. Programu ya wahalifu ikiyafunga mafaili ili wadai fedha, huyafunga kote kuwili. Pacha hutii kila amri, nzuri na mbaya. Hapo upacha hauna tena maana ya kinga.

Tunajua sote kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kushuhudisha mashahidi wawili. Na aya hiyo, inapotaja mashahidi wanawake wawili, husema kwamba mmoja akisahau, wa pili humkumbusha. Lakini mashahidi wawili waliolala katika nyumba moja iliyochukuliwa na maji hawataweza kusimama mbele ya kadhi. Shahidi wa pili wa hati zako inafaa akae nyumba nyingine.

Kanuni inayofuatwa na wengi ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, na ni nyepesi kukumbuka: nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na 1 katika hizo ikae mbali na nyumbani. Kwa dada yetu wa Ahero tungeipanga hivi. Nakala ya kwanza ni ile iliyo katika seva, na seva yenyewe isiwekwe sakafuni bali juu, katika rafu ya ukutani inayopita kimo cha maji kinachokumbukwa na wazee wa mtaa. Ya pili ni diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa juma, kisha ikachomolewa na kutiwa katika mfuko usioingia maji, kando ya vitambulisho na dawa, pale ambapo mkono utafika hata gizani. Ya tatu ni diski nyingine inayokaa kwa wifi Kisumu mlimani, au kwa wazazi Mombasa, na kubadilishwa kila inapopatikana safari.

Wapo watakaouliza: kwa nini isiwe ya mtandaoni tu? Inaweza kuwa, na kwa hati chache zilizo muhimu zaidi tunaihimiza. Ila tusisahau kwamba tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Anayehitaji hati yake wiki hiyo angeshukuru kuwa na diski kwa wifi yake.

Sitara ya nyumba

Lipo jambo la mwisho ambalo halitajwi na mafundi, na kwa nyumba zetu ndilo linalotangulia. Diski kongwe ikitoka, inakwenda wapi? Humo mna picha za bibi harusi siku ya singo, za akina mama wakiwa bila buibui baina yao, za mabinti wakipakwa hina. Picha hizo zilipigwa kwa kuaminiana kwamba hazitatoka nje ya ukuta.

Kufuta faili hakuliondoi. Hata kuiandikia SSD juu ya kilichokuwapo hakutoshi, kwa maana diski za aina hii huhamisha data kutoka kijumba hadi kijumba, na vingine hubaki na yaliyopita. Njia iliyo salama ni kuisimba diski tangu siku ya kwanza, yaani kuitia fumbo lisilofunguka bila nywila. Diski iliyosimbwa, hata ikidondoka njiani, ni chuma tu kwa aliyeiokota. Kama haikusimbwa, itumie amri ya kufuta kabisa iliyowekwa na mtengenezaji. Na kama diski imekufa na haipokei amri, ivunjwe chipu zake kwa nyundo mbele ya macho yako. Isiuzwe, isiachwe dukani, wala isibadilishwe kwa punguzo la bei. Zile diski mbili za nje nazo zisimbwe, hasa ile inayosafiri kwa basi.

Pamoja na kusimba, nywila isijulikane na mtu mmoja tu. Tunasema haya kwa uzito. Mtu akifariki, madeni yake hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Ikiwa daftari la madeni limo ndani ya kisanduku ambacho aliyekuwa na ufunguo wake amekwishazikwa, warithi watagawana kisicho chao bila kujua, na wadai watabaki na kinyongo. Nywila iandikwe, ifungwe katika bahasha, ikae pamoja na wasia, na mtu wa pili mwaminifu ajue ilipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari bila ufunguo hupotea vivyo hivyo.

Basi dada yetu, nunua diski mbili kwa kupishana, zisiwe za boksi moja. Kabla ya fundi kugusa chochote, pata nakala kamili na uifungue uione. Badilisha moja, ngoja, kagua, kisha ya pili. Wewe mwenyewe, au binti yako aliye sekondari, mnaweza kuifanya kazi hii kwa bisibisi moja na subira, na mtakuwa mmeilinda nyumba zaidi kuliko kumwita mgeni. Kongwe zisitoke nje mpaka zimefutwa au zimevunjwa. Na kabla masika hayajaingia, ile nakala ya tatu iwe imekwishafika Kisumu.

Sauti ya mama mkwe wako haitarekodiwa tena. Nayo inastahili kuwa na nyumba mbili.

Wabillahi tawfiq.